Sinema ya Mgongo wa Baba

Mama alikataa kwenda. Alikuwa anapepeta wimbi nje ya nyumba ya nyanya yangu kule Soin, na nilipomwambia kwamba Jumapili ile kule kiwanda cha chai wataonyesha tena sinema ya Baba, hakuinua hata kichwa.

"Mgongo wake naujua," alisema. "Nimeufulia mashati."

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa kukasirika haraka, hata sasa ambapo hasira haina meno ya kuuma. Nikamwambia kwamba sinema ile haina mgongo peke yake, kwamba mwisho wake Baba anafika kwenye kona ya njia, anageuka, anainua mkono na kucheka, na kwamba nilimwona kwa macho yangu mwenyewe. Mama akapuliza makapi.

"Haya," akasema. "Nenda ukamsalimie."

Lakini Nyanya, ambaye sisi wote tulimwita Kogo kama wanavyoitwa nyanya wote wa Kipsigis, alikuwa amekaa karibu na mlango akisikiliza. Alisema, "Mimi nitakwenda na huyu mtoto." Mimi sikuwa mtoto tena, nilikuwa msichana mkubwa wa kuposwa, ila sikubishana, kwa sababu nilishangaa mno. Kogo hakuwa amewahi kuangalia sinema, na mtu wa mwisho duniani ambaye alipaswa kumwangalia ni baba yangu.

Afadhali nieleze. Baba alikuwa Mkikuyu. Alikuja Kericho kabla sijazaliwa, akiwa na cherehani na maneno mengi, akapata nafasi kwenye baraza ya duka lililokuwa karibu na kambi ya wachuma chai. Hapo alishona suruali za wafanyakazi na makoti ya makarani. Hapo pia alimwona Mama, msichana Mkipsigis aliyekuja kununua kitambaa, akamwoa, jambo lililowashangaza watu wa pande zote mbili. Watu wake walikuwa mbali, nyuma ya milima. Watu wa Mama walikuwa Soin, bondeni kwenye joto, na wao ndio wakawa watu wetu.

Kikipsigis chake kilichekesha. Lakini desturi za Wakipsigis alizishika kuliko Wakipsigis wenyewe, kama afanyavyo mtu anayetaka asiambiwe kwamba ni mgeni. Na desturi moja ni hii: mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja hutoka njiani mpaka mwingine apite. Wakati huo watu wa kanisa walikuwa wameanza kuilegeza. Mchungaji wetu alihubiri kwamba mbele za Mungu hakuna mkwe. Baba aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa, na Jumatatu yake, alipoona kikapu cha Kogo kinakuja kwa barabara, aliingia katikati ya michai mpaka kiunoni, akasimama akiangalia upande wa pili mpaka kikapu kikapita. Kogo naye, kwa upande wake, alijifunika shuka kichwani mpaka kidevuni na kutembea kwa kubahatisha.

Walipendana sana hao wawili, kwa namna yao. Kogo alituma maziwa ya mursik kwenye kibuyu, akaniambia, "Mpelekee yule." Baba akashona gauni, akaniambia, "Mpelekee yule." Hakuwahi kumpima. Alimuuliza Mama habari za mabega na kiuno, kisha akakata kitambaa, na gauni likamkaa Kogo bila kasoro. Kogo aliligeuza huku na huku, akasema kwamba fundi asiyekuangalia hukuona vizuri zaidi. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

Sasa niseme habari za Mwalimu. Alikuwa Mkipsigis kijana, alitufundisha kusoma katika shule ya kambi, halafu wakubwa wa chai wakampa kazi ya kusimamia starehe za wafanyakazi: mpira, kwaya, mashindano ya kuvuta kamba. Pamoja na kazi hiyo alipewa kamera ya sinema, apige picha za mpira. Kabla ya hapo tulikuwa tukiona sinema za gari, lile gari lililofunga shuka jeupe uwanjani. Tuliona watu wa kwingine tu, mara mpumbavu asiyenawa mikono, mara Mzungu juu ya farasi. Mwalimu alisema, "Hata sisi tuko na hadithi." Basi yeye na seremala wa kambi na karani wa stoo wakaanza kutengeneza sinema zao wenyewe, fupi fupi, za kuigiza. Hazikuwa na sauti. Mwalimu alisimama kando ya shuka akiwasemea waigizaji wote, wanaume kwa wanawake, mbuzi pia.

Ya Baba ilikuwa ya mtu anayeacha nyumba yake kwenda kutafuta kazi mjini. Baba alichaguliwa kwa sababu ya uso wake. Mwalimu alimwambia hivyo mbele ya wateja barazani: "Fundi, wewe uko na uso wa sinema." Baba akafurahi kwa wiki nzima. Alijishonea koti jipya la rangi ya kahawia, lenye mshono mmoja mrefu katikati ya mgongo, uliokwenda sawa kutoka kola mpaka chini. Mama alimuuliza kwa nini anahangaika hivyo na mgongo wakati picha ni ya uso. Akasema, "Mteja akitoka kwangu, watu wanabaki kuona mgongo. Hapo ndiyo kazi yangu iko."

Siku ya kupiga picha ilikuwa asubuhi yenye jua. Kericho jua ni la kuiba. Mvua huja baada ya chakula cha mchana bila kukosa, mara nyingi na mawe yake, kwa hiyo Mwalimu alikuwa na haraka. Alisimamisha kamera mbele ya nyumba yetu. Hadithi ilikuwa rahisi. Baba atatoka mlangoni, ataangalia kamera kwa huzuni, atafunga kufuli, atachukua sanduku na kushuka njia iliyopita kando ya nyumba na kukata katikati ya chai. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwa Mwalimu, nimeambiwa nisipumue.

Hapo ndipo Kogo alipotokea. Alikuwa ametoka Soin na kibuyu chake, hana habari ya sinema. Mwalimu alimwona mzee amesimama juani na, kwa adabu aliyolelewa nayo, akamletea kigoda. Akakiweka pale palipokuwa na nafasi, ubavuni mwa kamera. Kogo alikaa, kwa sababu kukataa kiti ulichopewa ni matusi. Baba akafungua mlango, akaona ni nani amekaa pale, na kabla hajakanyaga nje akageuka kama askari.

"Fundi, geuka huku!" Mwalimu akaita.

"Siwezi," Baba akasema, akiuambia ukuta. "Mama ya bibi yangu amekaa hapo."

Mwalimu aliduwaa. Kumwambia mama mzee ainuke kwenye kiti alichompa mwenyewe hangeweza, afadhali kamera iungue. Na Kogo, aliposikia sauti ya mkwe wake, alifanya lililompasa: akavuta shuka, akajifunika uso wote, akatulia tuli. Kwa hiyo Kogo hakuwa akimtazama Baba hata kidogo. Lakini yeye alikuwa amegeuka, hakuweza kujua hilo, na mimi nilikuwa nimeambiwa nisipumue. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa msitu.

"Basi funga mlango hivyo hivyo," Mwalimu akasema, nusu analia. "Chukua sanduku, nenda."

Baba akatoka kinyumenyume, akafunga kufuli, akachukua sanduku, akashuka njia. Kamera ilimfuata mgongo. Aliposhuka mbali kabisa, pale njia inapopinda, Mwalimu alipiga kelele, "Sasa!" Na pale, kwa kuwa umbali ulikuwa mkubwa na heshima imetimia, Baba aligeuka. Aliinua mkono. Alicheka kicheko chake chote, pamoja na lile pengo la meno ya mbele. Nilimwona vizuri.

Watu walipoonyeshwa sinema ile mara ya kwanza walikufa kwa kicheko. Mwalimu aliisemea vizuri: alisema huyu ni mtu mwenye aibu ya umaskini, hataki dunia imwone uso. Lakini kila mtu kambini alijua sababu ya kweli, na Baba akapata jina jipya, Bwana Mgongo. Watoto walimwita hivyo barazani na yeye akawageuzia mgongo na kutikisa mabega. Kogo hakuja siku ile, angekujaje, mkwe wake yumo kati ya watazamaji na juu ya shuka pia. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya wanaume warefu, nikaona vipande vipande.

Kisha zikaja siku za hali ya hatari, serikali ya Wazungu ikimwona kila Mkikuyu kuwa mwasi. Nilikuwa Soin kwa Kogo, shule imefungwa. Malori yalikuja kambini yakawachukua Wakikuyu wote, wenye cherehani na wasio nazo, kila mtu na mzigo anaoweza kubeba. Mama aliambiwa kwamba yeye si Mkikuyu, abaki na watoto wake. Alikuja Soin kwa miguu, cherehani iko kichwani. Baba alituma salamu mara moja kupitia kwa dereva mmoja, kwamba yuko hai, kwamba tutunze cherehani isipate kutu. Baada ya hapo hatukusikia tena. Mimi sikumwona akiondoka. Kuondoka kwake nilikokuona ni kule kwa sinema.

Hamu ya mtu ni kitu cha ajabu, haikai mahali pamoja. Mwanzo nilimtamani wote. Baadaye nikaanza kupoteza vipande. Sauti ilibaki, kwa sababu aliniita Maitu, yaani mama, kama Wakikuyu wanavyomwita binti mwenye jina la mama yao, na hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Mikono ilibaki, na kidole chenye alama ya sindano. Lakini uso ulianza kwenda. Asubuhi moja niliamka, nikautafuta, nikapata kofia yake tu. Nililia mpaka Mama akadhani nimeumwa na nyoka. Picha hatukuwa nayo. Iliyokuwepo ilikuwa kwenye kipande chake, kile kitambulisho cha kazi, na kipande kilikwenda naye. Ya studio alikuwa akisema kila Krismasi kwamba tutapiga Krismasi ijayo.

Nilimuuliza Kogo, "Uso wake ulikuwaje?"

"Mimi nitajuaje?" akasema. "Nilimheshimu."

Kwa hiyo niliposikia kwamba Mwalimu anahama, na kwamba kabla ya kuhama ataonyesha kwa mkupuo sinema zote walizotengeneza watu wa hapa, mnaelewa nilivyokuwa. Nilikuwa nakwenda kuchukua uso wa baba yangu. Nilipanga hata namna nitakavyouangalia: nisipepese jicho, nianze na paji, nishuke polepole.

Mimi na Kogo tulipanda na lori la mahindi. Yeye alikaa mbele na dereva, amevaa gauni la Baba, ambalo sasa lilikuwa limepauka mabegani. Kadiri tulivyopanda kutoka Soin hewa ilizidi kuwa baridi na chai ikaanza, kijani kibichi kila upande. Niliinusa nikataka kulia. Barazani pale pa Baba palikuwa na fundi mwingine, kijana, anashona vibaya. Nilimchukia papo hapo.

Sinema ilionyeshwa juu kiwandani, kwenye ghorofa ambako majani hutandazwa yanyauke. Ilikuwa Jumapili, hakuna majani, lakini harufu yake ilikuwa imelowa ndani ya mbao. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili kuleta giza mchana. Watu walijaa, wa kila kabila la kambi, akina mama na watoto mgongoni. Mwalimu alikuwa ameanza kunenepa. Aliponiona na Kogo alitafuta kiti, akampa mkono yule mzee kwa heshima, na akakiweka kiti mbele kabisa, karibu na shuka. Kogo akakaa, nami nikachutama miguuni pake.

Zikaja sinema za wengine kwanza. Ya seremala ilikuwa ya mwanamume aliyemdanganya mchungaji kuhusu pombe, pombe ikachemka chini ya kitanda na kufunua kila kitu. Watu walipiga makofi. Ya karani ilikuwa ya mbuzi wawili na wenyewe wawili, nami sikuielewa kwa sababu sikuwa nikiiangalia. Kogo aliangalia zote. Shuka lake la kujifunika lilikuwa limekunjwa mapajani.

Halafu nyumba yetu ikatokea. Mlango wetu, na ule ubao uliopasuka. Baba alikuwa pale, ameuelekea mlango, koti la kahawia limekuwa la kijivu, mshono umenyooka. Watu wa zamani wakapiga kelele, "Bwana Mgongo!" Nilishika goti la Kogo. Baba akafunga kufuli. Akachukua sanduku. Akaenda. Mwalimu alikuwa akisema maneno yake kando ya mashine, lakini sauti yake ilikuwa ndogo kuliko zamani. Baba akashuka katikati ya chai, akawa mdogo, akafika kwenye kona. Nikafungua macho kabisa. Bega lake la kushoto likaanza kugeuka.

Shuka likawa jeupe.

Nilingoja. Nilidhani mashine imekwama. Nikainuka, nikamwendea Mwalimu gizani, nikamwambia, "Bado! Bado hajageuka! Anageuka hapo, anacheka!"

"Mkanda uliishia hapo," akasema polepole. "Siku ile uliisha kabla hajamaliza kugeuka. Nilikuwa najua, sikumwambia. Alicheka vizuri sana."

Nataka kusema wazi jinsi nilivyojisikia: niliibiwa. Miaka yote ile nilikuwa nimeuchukua uso niliouona kwa macho yangu siku ya kupiga picha, ubavuni mwa kamera, nikauweka ndani ya sinema ili nitunziwe. Na sinema haikuwahi kuwa nao. Mama alijua. Mama hakuwa amekaa nyuma ya wanaume warefu.

Watu nyuma walikuwa wameanza kuita, "Rudisha! Rudisha nyuma!" Huo ulikuwa mchezo wetu wa zamani, mashine ile iliweza kuendesha mkanda kinyume, na hakuna kitu kilichotufurahisha kama kuona mchuma chai akiyarudisha majani kwenye mti. Mwalimu aliniangalia kama anayeomba ruhusa. Akaiwasha.

Bega la Baba likarudi mahali pake. Kisha akaanza kuja. Alipanda ile njia kinyumenyume, na sanduku lake, kupita chai yote aliyoipita. Mgongo wake ukakua, mshono ukaonekana tena. Hakuna aliyecheka. Sijui kwa nini, pengine kulikuwa na wengi mle ndani ambao nao walikuwa na mtu wao wa kurudishwa. Akafika nyumbani. Akaweka sanduku chini. Kufuli likafunguka. Akasimama ameuelekea mlango wetu, kama mtu anayepiga hodi kwake mwenyewe, na hapo Mwalimu, sijui kwa makusudi au vipi, akausimamisha mkanda.

Kogo akainuka. Alikuwa Mkristo na hakuwa mjinga, alijua shuka ni shuka. Alichukua ile nguo iliyokuwa mapajani, akaikunjua, akajifunika kichwa mpaka kidevuni. Kisha akageuka taratibu, akishika kiti, mpaka akampa Baba mgongo, akatuelekea sisi wote bila kutuona. Wakasimama hivyo wawili, yeye na mkwe wake, mgongo kwa mgongo, gauni na koti la fundi mmoja.

"Mwambie nimegeuka," aliniambia kutoka ndani ya nguo. "Mwambie sasa yuko huru."

Nilirudi mbele, nikasimama kati ya shuka na yule mzee. Nyuma yangu mashine ilikuwa inanguruma na mwanga ulikuwa ukinichoma kisogo.

"Amegeuka?" Kogo akauliza.

Niliangalia ule mgongo.

"Amegeuka, Kogo."

"Anafanya nini?"

"Anacheka."

"Meno yote?"

"Isipokuwa lile pengo la mbele," nikasema, na nilipolisema nililiona.

Kogo akatikisa kichwa ndani ya nguo yake, ameridhika. Angeweza kugeuka aangalie, lakini hakugeuka.